Gari jeusi, vumbi la Tabora na mkono unaofuta

Msomaji wa Isevya, Tabora, anauliza: "Nina Toyota Premio nyeusi. Gari linaoshwa au kufutwa kila asubuhi kabla sijaenda kazini, lakini mng'ao unazidi kupotea. Likiwa juani naona mistari ya mviringo kama utando wa buibui, na boneti limeanza kupauka upande wa mbele. Kijana anayeliosha humalizia kwa kupitisha dizeli kidogo ili ling'ae. Rafiki yangu naye kanishauri nipake nta ya nyuki, kwa kuwa hapa kwetu ipo tele na ni ya bei nafuu. Nifuate lipi, na je, rangi hii inaweza kurudi?"

Ndugu yangu, rangi ya milango, paa na buti ina nafasi kubwa sana ya kurudi. Ya boneti inategemea kipimo kimoja cha kitambaa cheupe, nitakieleza mbele. Lakini dawa ya kwanza huitafuti dukani: acha kulifuta gari hilo kila asubuhi. Jua lina sehemu yake, hasa kwenye boneti, ila ile mistari ya utando wa buibui haikuletwa na jua wala na umri wa gari. Imechorwa na kitambaa.

Ukitaka kuamini, subiri giza liingie, washa tochi ya simu na uielekeze mlangoni kwa karibu. Utaona duara la mistari midogo kuzunguka mwanga. Sogeza simu, na duara litasogea pamoja nayo. Maana yake ni kwamba mistari hiyo si ya mviringo hata kidogo. Ni maelfu ya mikwaruzo iliyonyooka, imeelekea kila upande, na mwanga unaokota ile tu inayoukinga. Gari limejaa mikwaruzo mwili mzima, na kwenye rangi nyeusi hakuna pa kuificha.

Rangi ya kiwandani ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani. Kuanzia kwenye bati hadi juu, praima, rangi yenyewe na klia, zote kwa pamoja ni kama mikroni 100 hadi 150, na mikroni 1,000 ndiyo milimita moja. Klia, ile tabaka ang'avu ya juu inayobeba mng'ao wote, ni kama mikroni 35 hadi 50. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo. Sasa chukua vumbi letu jekundu: ndani yake mna chembe za mchanga wa kwatzi, ambao ni mgumu kuliko kioo cha dirisha, sembuse klia. Vumbi likitulia juu ya bodi halifanyi lolote. Anayefanya ni yule anayekuja na kitambaa kikavu, au chenye unyevu kidogo tu, akaliburuta kutoka taa hadi kioo cha mbele. Huo ni msasa. Brashi ya manyoya nayo ni hivyo hivyo, na turubai la kufunika gari uani, likipepea na upepo wa Agosti huku vumbi limeingia chini yake, linasugua usiku kucha.

Dizeli je? Ni kweli inang'arisha, na sababu ni rahisi: mafuta yanajaa ndani ya mikwaruzo, mwanga unaacha kutawanyika, na jicho linaona weusi mmoja. Hakuna kilichotengenezwa. Utando ule wa mafuta unalishika vumbi la barabarani, na kesho yake kitambaa kinapita juu ya mchanganyiko wa mafuta na mchanga. Dizeli hudhoofisha pia raba za milango na madirisha, na huondoa waksi yoyote iliyokuwepo, yaani ile ngao nyembamba inayopakwa juu ya klia. Mweleze kijana wako kwa upole, maana anafanya alichoelekezwa, lakini iachwe kuanzia leo. Mafuta ya taa na mafuta ya kupikia yaingie katika marufuku hiyo hiyo.

Kuhusu nta ya nyuki, rafiki yako hakukosea kabisa. Nta imo katika baadhi ya waksi za magari, ikichanganywa na nyingine ili kuzilainisha. Tatizo ni kuipaka peke yake. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi, na huanza kulegea na kunata mapema zaidi ya hapo. Boneti jeusi lililoegeshwa juani Tabora linaweza kupita nyuzi 70, na injini iko chini yake. Kwa hiyo saa nane mchana utakuwa na gundi juu ya rangi, na kila vumbi linalopita litakaa. Nta inayotumika zaidi kwenye waksi za magari ni ya kanauba, inayotolewa kwenye majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mnazi, na yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86. Tofauti hiyo ya nyuzi 20 ndiyo inayoamua. Nta yetu ya Tabora ni mali, ila iache iende kwenye mishumaa, ngozi na fanicha.

Tuje kwenye kuosha, na hapa nitakaa, kwa sababu mtu akikosea hapa hata polishi ya bei gani haitamsaidia.

Osha mara moja kwa wiki. Katikati ya wiki, gari likizidiwa na vumbi, limwagie maji tu na uliache. Safisha vioo na taa kwa maji mengi, basi. Muda mzuri ni asubuhi kabla ya saa mbili, bodi ikiwa imepoa. Jioni usikimbilie. Tabora iko magharibi sana katika majira yetu ya saa, jua la utosi tunalipata karibu na saa saba mchana, na saa kumi boneti bado linaunguza kiganja. Sabuni ikikaukia kwenye bati la moto huacha madoa. Kama ni lazima jioni, weka kiganja juu ya boneti. Ukishindwa kukituliza hapo, subiri.

Vifaa: ndoo mbili za lita 20, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia glovu, glovu ya mikrofaiba, mataulo mawili makubwa ya mikrofaiba ya kukaushia, ndoo ya tatu na brashi kwa ajili ya rimu peke yake. Ongeza kifaa ambacho kila duka la pembejeo Tabora linacho na wenye magari wachache hukifikiria: bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani, la lita 16. Liwe jipya, lisiwe limewahi kubeba dawa ya magugu au ya wadudu wa tumbaku. Mahali ambapo mpira wa maji haufiki au presha ni ndogo, bomba hilo linafanya kazi kubwa.

Anza na rimu, kwa maji yake na brashi yake, kwa sababu vumbi la breki ni la chuma na hutaki lifike mlangoni. Kisha weka lita 10 za maji kwenye bomba la mgongoni pamoja na mililita 30 za shampuu ya gari, pulizia gari zima kuanzia chini kwenda juu, halafu simama dakika 3 hadi 5. Usiguse. Acha vumbi lilegee na kushuka lenyewe, ila usiliache povu likauke. Suuza kwa maji safi kuanzia paa kwenda chini. Kwenye milango utaona maji mekundu yakitiririka. Kila tone la wekundu huo ni mchanga ambao haukupitiwa na kitambaa.

Hapo ndipo glovu inaingia. Ndoo ya shampuu fuata kipimo cha chupa. Aina nyingi zinahitaji mililita 20 hadi 50 kwa lita 10. Anza paa, kisha vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango, na mwisho kabisa sehemu za chini na bampa. Pitisha glovu kwa mstari ulionyooka, bila kukandamiza, uzito wake wenyewe unatosha. Ukimaliza kipande kimoja, chovya glovu kwenye ndoo ya maji matupu, ikamue, kisha ndiyo irudi kwenye shampuu. Maji ya kusuuzia yakishakuwa na rangi ya chai, mwaga. Glovu ikianguka chini, isirudi kwenye gari mpaka ioshwe upya.

Suuza. Ukiwa na mpira, toa pua yake na uache maji yatoke mengi bila nguvu juu ya paa. Hutelemka kama shuka na kuondoka na matone mengi. Kukausha ni kwa kulaza taulo juu ya boneti na kulivuta taratibu kuelekea kwako. Usizungushe mkono. Kwa jumla utakuwa umetumia lita 60 hadi 70.

Sabuni ya unga na ya mche ni kali upande wa alkali. Zinaondoa waksi na kupausha plastiki nyeusi. Ya kuoshea vyombo nayo inang'oa waksi, hivyo itumie mara moja tu, siku unapotaka kuanza upya kabla ya polishi. Dodoki, fulana kuukuu yenye mishono na vifungo, sponji ya vyombo yenye upande mbaya: vyote hivyo visikaribie rangi. Ukilazimika kwenda kwa vijana wa barabarani, nenda na glovu na mataulo yako, na omba pua ya mashine ya presha ikae sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye bodi. Ikisogezwa karibu hupenya mahali palipopigwa na kokoto na kuifumua rangi.

Maji yenyewe yana tabia zake. Ya bomba yanayotoka Ziwa Victoria ni laini na hayaachi madoa sana. Ya kisima kirefu mara nyingi yana chokaa, na kila tone linalokaukia kwenye rangi nyeusi huacha kiduara cheupe. Kikiwa kichanga, siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikapakwa kwa kitambaa laini kwa dakika moja na kusuuzwa, huking'oa. Kikikaa miezi kinakula klia na kinahitaji polishi. Masika kinga maji ya bati, ukiyaacha yale ya kwanza yaliyoosha vumbi la paa, na uyatumie kwa msuuzo wa mwisho. Aliye Kigoma na kutumia maji ya Ziwa Tanganyika awe mwangalifu zaidi, kwani yana madini mengi, magnesiamu hasa, na yana alkali. Na gari lisiingizwe ziwani: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Ukishaosha vizuri, ndiyo upime boneti. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, weka polishi laini kidogo, sugua eneo la kiganja kimoja. Kitambaa kikitoka cheusi, rangi yako haina klia, ama kwa sababu ilitoka hivyo kiwandani ama kwa sababu boneti lilishapigwa rangi upya na fundi. Hiyo ni habari njema kwako, maana kilichopauka ni ngozi iliyochomwa na jua, na chini yake kuna weusi mzima. Kitambaa kikibaki bila weusi, ipo klia. Angalia sasa sehemu iliyopauka: kama ni ukungu tu usio na ukingo, polishi itauondoa. Lakini ukiona mabaka meupe yenye ukingo ambao ukucha unaukamata, au magamba yanayobanduka, klia imekufa. Hakuna polishi, waksi wala kampaundi, ile polishi kali, inayofufua klia iliyobanduka. Anayekuambia anaweza, atakupaka mafuta yatakayong'aa wiki moja.

Kwa sehemu nyingine za gari, hatua ya kabla ya polishi ni udongo wa kusafishia rangi, ule unaouzwa kama donge laini. Ingiza mkono kwenye kifuko chembamba cha mkate na upapase boneti lililooshwa. Ukihisi vipele kama mchele mbichi, huo ni uchafu ulionasa, na polishi ikipita juu yake itauburuta. Nyunyizia maji yenye shampuu, telezesha donge bila nguvu mpaka liache kukwama, likunje upate uso safi, endelea. Likianguka chini, litupe.

Polishi si chakula cha kila mwezi. Kila mara inapunguza mikroni kadhaa za klia, na zikiisha hazirudi. Fanya mara moja vizuri, kisha ulinde. Anza na ile laini kabisa, na uijaribu mahali pamoja, mraba wa sentimita 40 kwa 40. Ikitosha, usiende kwenye kali. Kwa mkono, tumia sponji ya polishi, matone manne au matano, ukisugua kwa mistari ya kwenda na kurudi, kisha ya kukatiza, dakika 2 au 3 kila mraba. Inachosha, na gari zima linaweza kukuchukua siku mbili, lakini kwa mkono ni vigumu kuharibu. Kwa mashine, tafuta mwenye ile inayozunguka huku ikitikisika. Mwenye sponji iliyofungwa kwenye grainda ya kukatia vyuma mkatalie kabisa. Grainda huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, wakati mashine ya polishi ya kuzunguka haihitaji kupita 2,000 hivi. Ikisimama sekunde chache kwenye ukingo wa mlango, inaunguza klia mpaka kwenye rangi. Hata kwa mashine nzuri, bandika tepu ya karatasi kwenye kona na kingo zote, kwa sababu hapo ndipo rangi huwa nyembamba zaidi. Na mkwaruzo ambao ukucha unakwama ndani yake usiufukuzie. Ukiulazimisha utoke, utatoboa klia inayouzunguka.

Waksi ni kazi nyepesi, na kosa lake kubwa ni kupaka nyingi. Kwa boneti zima, kiasi cha sarafu ya shilingi 200 kinatosha kabisa, kisambazwe mpaka ubaki ukungu mwembamba. Fanya kivulini. Subiri dakika 5 hadi 10, pitisha kidole: kikiacha njia safi inayong'aa, futa kwa mikrofaiba safi, kikiacha michirizi, subiri kidogo. Usiguse plastiki nyeusi za bampa na vioo vya pembeni, waksi inaziachia weupe unaosumbua kutoka. Kwa jua letu, ya kanauba inakaa kama wiki 6 hadi 8. Ile ya viwandani isiyo na nta ya asili hufika miezi 4 hadi 6, na kwa mtu anayeegesha nje siku nzima mimi ningependekeza hiyo, ingawa kanauba ina weusi wa kina kidogo. Usihesabu tarehe. Mwaga kikombe cha maji kwenye boneti: yakijikusanya kuwa matone ya mviringo, waksi ipo, yakilala bapa na kutambaa, imekwisha.

Sasa miembe. Kivuli chake ni neema, na Tabora bila miembe siijui, lakini utomvu wa embe unaobabua midomo unababua na rangi. Tone bichi litoe siku hiyo hiyo kwa maji ya vuguvugu na shampuu. Lililokauka lainishe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya kupikia kwa dakika chache, kisha osha mafuta yote, yasibaki. Hapo pekee ndipo mafuta yanaruhusiwa. Kinyesi cha ndege na cha popo ni cha haraka zaidi. Kina asidi, na rangi ikipata moto hulegea, kisha ikipoa hujikaza kukizunguka, ikabaki na alama kama ya muhuri. Weka chupa ya maji na kitambaa kwenye buti. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya kinyesi kwa dakika 10, kisha kinyanyue moja kwa moja kwenda juu. Usikwangue, maana ndani mna mbegu na mchanga.

Iwapo kipimo cha boneti kimeonyesha klia imekufa, nenda kwa fundi rangi na umpe namba ya rangi iliyo kwenye kibati cha gari, penye maandishi C/TR, yaani rangi na upholsta. Weusi wa Toyota ambao ni wa kawaida huandikwa 202. Mwambie unataka klia yenye hadina, ile inayogandishwa kwa kuchanganywa, si ya kuyeyushwa kwa thina peke yake, ambayo jua litaifuta kabla ya masika mawili. Klia ya zamani iondolewe yote kwa msasa, isifunikwe. Sakafu ya kibanda inyeshewe maji kabla hajapuliza, ili vumbi lisipande. Boneti likitoka, lisipakwe waksi kwa siku 60, kwa kuwa rangi mpya inaendelea kutoa hewa ya thina na inahitaji kupumua. Katika siku hizo lioshe kwa maji na shampuu tu, na usiliegeshe chini ya mwembe.